Nani Amsahihishe Mwenzake? Warsha ya Utunzi na Kiswahili cha Kongo ya Mashariki

Somo la utunzi katika shule na vyuo vya Afrika ya Mashariki na Kati limezoea kutegemea kalamu ya mwalimu. Mwanafunzi huandika, mwalimu husahihisha, alama hutolewa, na daftari humrudia mwenyewe likiwa na wino mwekundu mwingi au mchache. Pamoja na njia hiyo imekuwapo nyingine, ambayo watetezi wake wanaongezeka: warsha, yaani kikao ambamo wanafunzi husomeana miswada yao na kuijadili wao kwa wao, mwalimu akiwa msimamizi tu. Warsha husifiwa kwamba humwondolea mtunzi upweke na kumpa wasomaji wengi badala ya mmoja. Sifa hizo ni za haki, lakini huficha swali lililo gumu zaidi: mwanafunzi mwenzake mtunzi anajua nini ambacho mwalimu hakijui? Ikiwa hajui lolote la ziada, basi warsha si kitu ila walimu ishirini wasiohitimu waliochukua nafasi ya mmoja aliyehitimu.

Mtindo wa warsha unaojulikana sana ulimwenguni ni ule uliotokana na Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako programu ya uandishi ilianzishwa mwaka 1936. Sura yake ya kawaida ni hii: mswada hugawiwa mapema, wenzake mtunzi huusoma, kisha huujadili mbele yake naye akiwa kimya mpaka wamalize. Mtindo huo umeigwa katika nchi nyingi, mara nyingi bila ya kuulizwa kama masharti yaliyouzaa yapo huko ulikopelekwa. Mojawapo ya masharti hayo ni kwamba wote walioketi mezani wawe na lugha moja ya kuandikia, wasiyoitilia shaka. Sharti hilo halipo kila mahali, na katika Kongo ya mashariki halipo kabisa.

Kiwanja ni mji wa eneo la Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, yapata kilomita 70 kaskazini ya Goma. Hapo barabara itokayo Goma hugawanyika, tawi moja likielekea Ishasha mpakani mwa Uganda, jingine likishika njia ya Kanyabayonga. Jina la mji ni la Kiswahili, lakini majumbani husikika Kinyarwanda, Kinande, Kihunde na lugha nyinginezo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu sokoni, kanisani, kwenye vituo vya pikipiki na katika ua wa shule. Ndani ya darasa lenyewe, hasa kuanzia madarasa ya juu, lugha ni Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazitambua lugha hizo kuwa za kufundishia na za kufundishwa. Hata hivyo kijana anayemaliza sekondari amekwisha kuandika maelfu ya sentensi za Kifaransa na pengine kurasa chache sana za Kiswahili. Akiombwa atunge hadithi katika Kiswahili, mbele yake husimama Kiswahili cha aina tatu: kile anachokisema, kile cha Biblia na redio, na kile ambacho Wakongo wenyewe hukiita Kiswahili bora, ambacho wanaamini kipo Tanzania na Zanzibar na ambacho karibu kila mtu huona haya kwamba hakijui vizuri.

Haya hiyo ndiyo inayoingia katika warsha kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Mwanafunzi ameandika hadithi ya utoto wake katika miaka ya njaa, na katika aya ya kwanza pana sentensi hii: *Mama alikuwa anarudiaka na kabunga kadogo.* Si vigumu kukisia watakachosema wenzake. Wa kwanza atasema kwamba *anarudiaka* si Kiswahili. Wa pili atasema kwamba neno sahihi ni *unga*, wala si *bunga*. Wa tatu, ambaye pengine amesoma Bujumbura au Kampala na kwa hiyo anaogopwa kidogo, ataandika ubaoni: *Mama alikuwa akirudi na unga kidogo.* Darasa litaridhika, mtunzi atanakili, na kikao kitasonga mbele kwenye sentensi ya pili.

Inafaa kuuliza ni nini kilichotokea hapo. Kiambishi *-ak-* katika Kiswahili cha Kongo huonyesha jambo la mazoea, linalorudiwa siku baada ya siku. Sentensi ya mwanafunzi haikusema tu kwamba mama alikuwa akirudi. Ilisema kwamba ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba ile, na kwamba mtoto alikuwa ameizoea. Kiambishi *ka-* nacho hakisemi udogo peke yake. Katika usemi wa Kongo hubeba huruma, dharau, mapenzi au aibu kulingana na mahali kilipowekwa, na hapa, kwa kuwekwa kwenye nomino na kurudiwa kwenye kivumishi, kinaufanya unga ule uwe kitu kidogo kinachohurumiwa, karibu kama mtoto. *Unga kidogo* ni kipimo. *Kabunga kadogo* ni kipimo pamoja na jicho la anayekitazama. Wanafunzi wale hawakusahihisha kosa. Walimwondoa msimulizi katika hadithi yake wakamweka karani wa duka.

Pana upande wa pili wa jambo hili, nao hauna budi kutajwa. Anayeandika *anarudiaka* anajifungia wasomaji wa Tabora na wa Lamu, au angalau anawataka wafanye kazi ambayo wengi hawataifanya. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja tangu kamati ya lugha ya mwaka 1930, si zawadi ya kudharauliwa: ndicho kinachomwezesha mtunzi wa Rutshuru kusomwa Mombasa. Mtunzi anaweza kuamua kukitumia, au kukitumia katika usimulizi na kukiacha Kiswahili cha nyumbani katika midomo ya wahusika, kama walivyofanya waandishi wengi wa lahaja. Lakini huo ni uamuzi wa kisanaa, na uamuzi hufanywa na mtu anayejua anachokipata na anachokipoteza. Katika warsha iliyosimuliwa hapo juu hakuna aliyeamua lolote. Hofu ndiyo iliyoamua.

Wala hofu ya namna hiyo si ya Kongo peke yake. Mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi*, sehemu kubwa ya mjadala uliofuata miongoni mwa washairi na wahakiki wa Tanzania na Kenya ilihusu kama maandishi yasiyo na vina na mizani yanastahili kuitwa mashairi. Mjadala ulidumu miaka mingi na ulizaa hoja nzuri za nadharia. Hata hivyo, anayeyarudia maandishi yale leo atashangaa jinsi yalivyo machache yanayoyasoma mashairi yenyewe, moja baada ya jingine, na kuuliza kila moja linafanya nini. Wenzake walimpimia kwa rula. Ikiwa watu wazima wenye shahada walifanya hivyo, kijana wa Kiwanja mwenye kalamu ya bluu asilaumiwe sana. Amefundishwa tangu utoto kwamba kusoma kazi ya mwingine ni kutafuta makosa, na kwamba anayeyaona mengi ndiye mwenye akili.

Je, uko mfano wa watu wa Kongo wenyewe, wanaotumia Kiswahili chao wenyewe, waliojadili kazi ya sanaa kwa namna nyingine? Uko, na umerekodiwa kwa ukamilifu usio wa kawaida. Mfano huo unatoka Lubumbashi, zaidi ya kilomita elfu moja kusini ya Kiwanja, lakini lugha yake ni dada wa lugha ya Kiwanja, na hali ya wasemaji wake mbele ya Kifaransa na mbele ya Kiswahili bora ni ile ile. Kundi la michezo la Mufwankolo lilikuwa maarufu Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, kwa maigizo yake ya redio na televisheni. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Amsterdam, aliwauliza waigizaji hao maana ya msemo mmoja aliousikia kwa Kifaransa, ambao kwa Kiswahili unaweza kutolewa hivi: madaraka huliwa mazima. Badala ya kumjibu kwa maelezo, kundi liliamua kuutungia mchezo. Matayarisho yalifuata, kisha mazoezi, na hatimaye mchezo uliigizwa na kupigwa filamu katika kijiji cha Kawama, nje kidogo ya Lubumbashi. Kitabu cha Fabian, *Power and Performance*, kilichotoka mwaka 1990, kinatoa maandishi ya Kiswahili ya majadiliano, mazoezi na mchezo wenyewe, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa hiyo ni miongoni mwa vitabu vichache vinavyomwezesha msomaji kuona kazi ya sanaa ya Kiswahili ikizaliwa mikononi mwa kundi, hatua kwa hatua.

Wanaanthropolojia wamekisoma kitabu hicho kwa ajili ya nadharia yake ya maarifa yanayopatikana kwa kutenda. Walimu wa utunzi, kwa kadiri inavyoonekana, hawakukitumia, ingawa ndio wangefaidika nacho zaidi. Jambo la kwanza wanaloweza kujifunza ni kwamba mjadala wa kundi ulianza na maana. Msemo ule una sura mbili. Unaweza kuwa sifa: mtawala wa kweli hagawanyi madaraka, kwa maana madaraka yaliyogawanywa hayana nguvu. Unaweza pia kuwa shutuma: mtawala hula chote, na wengine hubaki wakimtazama. Mwaka 1986 Mobutu alikuwa ametawala zaidi ya miaka 20 chini ya chama kimoja, na neno *kula* halikuwa na haja ya kufafanuliwa kwa mtu yeyote Lubumbashi. Waigizaji walipaswa kuamua chifu wao wa kijijini atakuwa mtu wa namna gani, na watu wake watamtendea nini, kabla ya kuamua nani aseme nini. Kila mmoja alileta kile alichokiona katika maisha yake. Hapo ndipo mwenzako anapojua kitu ambacho mwalimu hakijui.

Jambo la pili ni kwamba mchezo haukuandikwa. Mpangilio wa maonyesho ulikubaliwa, na maneno yaliachiwa waigizaji wayapate wenyewe katika mazoezi, yakabadilika tena siku ya kuigiza. Katika kazi ya namna hiyo, uhakiki haumsubiri mtunzi amalize. Mwigizaji anayetoa jibu lililopooza hupata mara moja, katika uso na katika kauli ya mwenzake, habari kwamba jibu lake halikufika. Na mwenzake analazimika kumsukuma au kumwokoa, maana onyesho ni la wote wawili. Hakuna anayeweza kuketi pembeni na kutoa hukumu bila ya kuwajibika kwa kile kitakachokuja baadaye. Wanafunzi katika warsha ya kawaida hawana wajibu huo. Husema, hufunga daftari, huondoka.

Jambo la tatu ndilo linaloigusa Kiwanja moja kwa moja. Kiswahili cha Lubumbashi, pamoja na maneno yake ya Kifaransa na *ba-* zake mahali pa *wa-*, kilikuwa chombo cha kutungia na pia chombo cha kuijadili kazi. Katika darasa la shule ya Kongo mambo hayaendi hivyo. Hadithi ikiandikwa kwa Kiswahili, maoni ya wanafunzi huteleza kwa urahisi kuingia katika Kifaransa, kwa sababu istilahi za uchambuzi walizofunzwa ni za Kifaransa, na kwa sababu Kifaransa ndicho humfanya msemaji aonekane mhakiki. Matokeo ni kwamba kazi hukaa chini na hukumu hukaa juu, kila moja katika lugha yake. Mtunzi anayesikia hadithi yake ya Kiswahili ikipimwa kwa lugha ya mtihani ameshaambiwa jambo kubwa kuhusu thamani yake, hata kama maneno yenyewe ni ya sifa.

Isifikiriwe, hata hivyo, kwamba kundi la Mufwankolo lilikuwa jamhuri ya walio sawa. Kundi lilikuwa na mkuu wake, ambaye jina lake la jukwaani ndilo lililokuwa jina la kundi, na neno lake lilikuwa na uzito kuliko la wengine. Ni kinaya kidogo kwamba mchezo juu ya madaraka yasiyogawanyika ulitungwa na watu waliokuwa na mkubwa wao. Zaidi ya hayo, mbegu ya mchezo ilitupwa na mgeni, na kitabu kilichotokana nao kina jina la mgeni kwenye jalada. Fabian mwenyewe halifichi jambo hilo. Sehemu ya hoja yake ni kwamba mtafiti naye alikuwa mshiriki. Lakini kwa mwalimu anayetaka kujua kazi ya pamoja ni mali ya nani, jibu la kitabu halitoshi.

Swali hilo la umiliki linajitokeza pia katika mfano wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ambao unajulikana zaidi na kwa hiyo hauhitaji maelezo marefu. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walitayarisha mswada wa *Ngaahika Ndeenda*, ambao baadaye ulitolewa kwa Kiswahili kwa jina la *Nitaolewa Nikipenda*, na wakauweka mbele ya wakulima na wafanyakazi wa kituo cha utamaduni cha kijiji. Mazoezi yalifanywa hadharani, na yeyote aliyepita aliweza kusema neno. Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba, ukapigwa marufuku katikati ya Novemba, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka ule ule. Kwa habari ya warsha, kilicho muhimu ni aina ya masahihisho yaliyotolewa. Ngũgĩ ameeleza katika *Decolonising the Mind* (1986) kwamba wanakijiji waliwasahihisha wasomi juu ya namna mzee anavyosema, juu ya nyimbo na sherehe, juu ya kazi ya kiwandani inavyofanyika hasa. Hayo pia ni masahihisho ya lugha! Lakini chanzo chake si kitabu cha sarufi. Mtu husema: mzee wa umri ule, akiongea na mkwewe, hawezi kusema hivyo; naye anajua, kwa kuwa amekaa na wazee. Tofauti ya sahihisho hili na lile la ubaoni Kiwanja ni kubwa mno. La ubaoni linaivuta sentensi itoke kwa watu wake. La Kamĩrĩĩthũ linairudisha kwao.

Katika mapokeo ya Kiswahili yenyewe pia ipo namna ya kale ya wenzi kuhakikiana, nayo ni malumbano. Tangu enzi za Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, mshairi aliyemwona mwenziwe amekosea au amejisifu kupita kiasi hakumwandikia maelezo, alimtungia shairi. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, na magazeti yaliyolifuata yalizipa desturi za namna hii uwanja mpana zaidi: mshairi wa Tanga aliuliza, wa Ujiji akajibu, wa Songea akaingilia kati. Mwenye kujibu alilazimika kuingia katika bahari ile ile ya mwenzake, akaonja ugumu wake, na ndipo akawa na haki ya kusema. Ni kweli kwamba malumbano mengi yaliishia katika majigambo, na kwamba mara nyingi umbo liliposhikwa barabara hoja ililegea. Hata hivyo kanuni yake ni ya maana kwa darasa. Mwanafunzi anayedhani kwamba mwisho wa hadithi ya mwenzake haufai aandike mwisho mwingine, nusu ukurasa tu, na kuusoma. Aghalabu atagundua kwamba mwisho wa mwenzake haukuwa mbaya kama alivyofikiri, au atagundua kwamba tatizo halikuwa mwishoni.

Hapo inaonekana faida ambayo wasifiaji wa warsha huitaja mara chache. Anayejifunza zaidi kikaoni huenda asiwe yule ambaye mswada wake unajadiliwa, kwa kuwa yeye siku hiyo ana moyo unaodunda na masikio yaliyoziba. Anayejifunza ni yule aliyesoma miswada saba ya wenzake juma hilo, akaona katika mitatu ugonjwa ule ule wa kueleza mambo mawili kabla ya kuanza jambo lenyewe, kisha usiku akafungua wa kwake na kuukuta humo. Peter Elbow, katika *Writing Without Teachers* cha mwaka 1973, alishauri kwamba msomaji katika kikundi asitoe hukumu bali asimulie kilichompitia akilini alipokuwa akisoma: hapa nilichoka, hapa nilidhani mama amekufa, hapa nilirudi nyuma. Shauri hilo linafaa sana palipo na hofu ya lugha, maana mtu hahitaji kujua sarufi sanifu ili kuripoti kwamba alichoka. Na pengine mwenzi hahitajiki kusema lolote. Yatosha awepo akisubiri. Ngũgĩ amesimulia jinsi alivyomwambia Jonathan Kariara, pale Makerere, kwamba ameandika hadithi na angependa aitazame. Hakuwa ameandika hata neno moja. Alilazimika kwenda kuiandika, nayo ikatoka katika jarida la wanafunzi, *Penpoint*, mwaka 1960. Mfano huo haupendekezwi kwa uadilifu wake.

Limebaki suala la ukimya, na ndilo zito kuliko yote kwa mji unaozungumziwa. Tarehe 4 na 5 Novemba 2008 raia waliuawa Kiwanja wakati waasi wa CNDP na wapiganaji wa Mai-Mai walipougombea mji. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba waliouawa walikuwa wapatao 150. Waasi wa M23 waliuchukua mji mwaka 2012, na wakauchukua tena Oktoba 2022. Mwanafunzi wa utunzi katika mji kama huo, akiambiwa aandike juu ya nyumba yao, anaweza kuandika jambo ambalo jirani yake wa dawati analijua kwa upande wa pili. Kanuni ya Iowa kwamba mtunzi anyamaze wenzake wakimjadili ilikusudiwa kuzuia utetezi usio na mwisho, na katika chumba chenye amani ina faida yake. Lakini pahali ambapo watu wamejifunza kunyamaza ili waishi, kumwamuru mtu akae kimya huku wengine wakieleza maana ya maneno yake si mbinu ya kufundishia tu. Na kugawa nakala za mswada kabla ya kikao, jambo la kawaida kabisa Marekani, maana yake hapa ni kwamba karatasi yenye majina itakuwa mifukoni mwa watu ishirini wanaopita vizuizi vya barabarani.

Mtindo uliobuniwa na mcheza dansi Liz Lerman mwaka 1990 unakaribia zaidi kinachohitajika. Humo wenzake msanii hutaja kwanza kile kilichokuwa na maana kwao. Kisha msanii mwenyewe ndiye huuliza maswali. Kisha wenzake humuuliza maswali yasiyobeba hukumu. Na maoni hutolewa mwishoni, tena kwa idhini ya msanii, ambaye ana haki ya kusema kwamba hayataki. Nguvu ya utaratibu huo ni kwamba aliyetunga ndiye anayeshika mlango. Udhaifu wake ni kwamba unaweza kugeuka adabu tupu, kila mtu akisema *ilinigusa* na hakuna anayesema kwamba ukurasa wa tatu hausomeki. Katika darasa la Kongo hatari hiyo ni halisi, kwa kuwa heshima kwa mkubwa wa umri ni jambo la kweli, na mdogo hatamwambia *yaya* wake hadharani kwamba hadithi yake imepwaya. Msimamizi anayewajua watu wake atawaketisha wawili wawili, au atasoma miswada kwa sauti yake mwenyewe bila ya kutaja majina, mpaka wazoeane. Kusoma kwa sauti kuna faida nyingine pia: karatasi haitoki chumbani, na Kiswahili cha Kongo, ambacho kikiandikwa huonekana kana kwamba kimejaa makosa, kikisomwa husikika kuwa lugha ya watu.

Sentensi ya unga irudishwe basi mbele ya kikao, safari hii isomwe. *Mama alikuwa anarudiaka na kabunga kadogo.* Wanafunzi wamekatazwa kwa nusu saa kugusa herufi hata moja, nao wameambiwa waulize tu kile wanachotaka kujua. Mmoja, ambaye kwao pia waliwahi kungoja mtu arudi, anauliza mama alikuwa anatokea wapi. Mwingine anauliza walikuwa watoto wangapi. Wa tatu, baada ya kimya kidogo, anataka kujua kama mama naye alikuwa akila, au alikuwa akisema kwamba amekwisha kula huko alikotoka. Mtunzi hakuwa ameliandika hilo. Anachukua kalamu.